Mtini wa Bibi Kaniki

Mmeanza tena. Kila anayemaliza kuezeka nyumba yake mpya, hata chokaa haijakauka ukutani, anakuja hapa Chanika, Handeni, kunipa shikamoo ndefu, na mimi shikamoo ikishakuwa ndefu najua ina jambo nyuma yake. Anakaa, anakunywa chai, anaisifia afya yangu, halafu anashusha sauti kama anayeomba dawa ya siri: "Babu, na mimi nataka mtini uani kwangu. Na mkomamanga. Na mzeituni, kama upo."

Basi leo nitawaambia wote kwa pamoja, maana nimechoka kurudia. Mzeituni usahauni. Mkomamanga pandeni hata kesho. Mtini nitawapa vipandikizi bure, lakini kwanza mtasikiliza ulikotoka, kwa sababu una masharti yake, na sharti moja linahitaji watu wawili.

Mimi nilikuwa shamba boi. Msicheke, ndivyo tulivyoitwa, hata mwenye mvi aliitwa boi. Enzi za Mwingereza nilifanya kazi kwa Mgiriki mmoja, Bwana Yani, mwenye shamba la mkonge si mbali na Korogwe ya Zamani. Mwingereza ndiye aliyetawala nchi, lakini kwenye mkonge Wagiriki walikuwa wengi, na Mgiriki ni Mzungu wa aina yake. Akifurahi anapiga kelele, akikasirika anapiga kelele, kwa hiyo mfanyakazi inabidi amtazame usoni ndipo ajue yuko upande gani. Bwana Yani alikuwa amejenga nyumba mpya juu ya kilima kidogo kinachotazama mto, na pembeni yake hapakuwa na kitu ila udongo mwekundu na visiki. Wazungu wenzake walipanda mawaridi. Yeye alitaka miti ya kwao, ile aliyoikwea na kuanguka utotoni.

Miti hiyo ilikuja kwa meli mpaka Tanga na kwa treni mpaka Korogwe, imefungwa kwenye magunia yaliyoloweshwa. Nilipofungua magunia nikakuta vijiti. Nikavipeleka jikoni. Mpishi alikuwa ameshavipanga karibu na jiko, bahati Bwana Yani akapita kutafuta kahawa, na ile siku sikuhitaji kumtazama usoni ili nijue yuko upande gani.

Sasa niwaambie kwa nini baadaye nilivipenda vijiti vile kuliko alivyovipenda mwenyewe. Nilikuwa namtaka Mwanahamisi, binti wa Mwalimu Mndolwa wa hapa hapa Chanika. Ndiyo, bibi yenu. Mwalimu alikuwa na chuo cha Kurani uani kwake, anasomesha watoto, na alikuwa na fimbo ndefu iliyofika mstari wa nyuma bila yeye kuinuka kwenye mkeka. Nilipotuma wazee kuposa, akawauliza kijana wenu anafanya kazi gani. Wakajibu analima miti ya Mgiriki. Akauliza miti gani hiyo. Mjomba wangu, ambaye alipenda kutia chumvi, akasema ni mitini na mizeituni, imejaa shamba zima.

Mwalimu akaniita mimi mwenyewe. Nilikaa mbele yake nimekunja miguu kama mwanafunzi.

"Miaka yote nasomesha sura inayotaja tini," aliniambia, "na tini yenyewe sijaiona. Watoto wakiniuliza ikoje, nawachapa. Niletee tini moja iliyoiva, niishike kwa mkono wangu huu. Siku hiyo mke umepata. Lakini usikawie, maana fundi cherehani naye ameleta wazee."

Fundi cherehani alikuwa na baiskeli, na kibaraza chake sokoni kilitazamana na njia ya kisimani. Mimi nilikuwa na kijiti ardhini. Nilirudi Korogwe nikiwa na homa isiyo ya malaria.

Hapa ndipo penye somo la kwanza, na nawaomba mlisikilize, kwa sababu nyote mtalirudia kosa langu. Mtu akipenda mti anaushibisha. Nilizunguka maboma ya Wamasai nikabeba samadi kichwani mpaka nywele zangu zikawa na harufu ya zizi, na wapagazi wa mkonge wakawa wananipisha njia. Nikaumwagia maji asubuhi, nikaumwagia jioni, na mchana nikipita na ndoo yenye tone nao unapewa. Mtini ukakua, wacha uongo. Ukawa na majani mapana unayoweza kufunikia sinia la pilau. Bwana Yani akitoka barazani anausifu. Lakini tunda, hata la kusingiziwa, hapakuwa. Mtini ukishiba hauna haja ya kuzaa. Unafanya kama mtoto wa tajiri, unavaa tu.

Mizabibu nayo, iliyokuja kwenye magunia yale yale, nilitaka kuifanyia wema huo huo, ila Bwana Yani aliniwahi. Alikuja na mkasi akaikata yote mpaka ikabaki mafundo yanayotia huruma, akaniambia kila mwaka iwe hivyo. Nilidhani amepata habari mbaya kutoka kwao. Ilipochipua na kuleta vichala ndipo nikaelewa kwamba mzabibu huzaa kwenye tawi jipya, na anayeuonea huruma atakula majani. Na hata hilo la kula majani nitalieleza, subirini.

Mzeituni ndio uliotutia aibu sote. Bwana Yani alijua kabisa kwamba mti ule hauchanui bila baridi, na Korogwe mnaijua, hata kivuli kinatoka jasho. Siku moja akaja na wazo. Alikuwa na friji la mafuta ya taa, la kwanza mimi kuliona, na akaagiza barafu yote iwe inawekwa kwenye shina la mzeituni kila asubuhi. Mimi nilikuwa naubebea mti barafu, nauzungushia, nafunika kwa gunia, na mpishi amesimama mlangoni amejishika kiuno, kwa sababu nyama yake inaharibika huku mti unaburudishwa. Tulifanya hivyo mpaka mpishi akatishia kuacha kazi. Mzeituni ulinenepa, ukapendeza, na haukutoa hata ua moja. Ndiyo maana nimewaambia usahauni. Anayeutaka kweli akajenge Lushoto, na hata huko sitamwekea dhamana.

Wakati huo fundi cherehani ameshamshonea Mwalimu kanzu. Habari hiyo niliipata kwa mjomba, ambaye safari hii hakutia chumvi, na ilinichoma zaidi.

Ndipo mama yake Bwana Yani akaja kutoka Ugiriki. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, amevaa nguo nyeusi toka kichwani mpaka miguuni, na joto lote lile la Korogwe hakuwahi kuvua hata kitambaa. Mumewe alikufa zamani, na kwao mjane havai rangi tena. Sisi kwa mavazi hayo tukamwita Bibi Kaniki, na alipojua jina lake akalipenda, akawa anajitambulisha hivyo hata kwa mke wa mkuu wa wilaya. Kiswahili alijifunza maneno machache ya kumfaa: lete, bado, kata, na pole. Kigiriki mimi sikujifunza hata moja.

Siku ya kwanza alizunguka bustani nzima. Alipofika kwenye mtini akayashika majani, akatazama juu, akatazama chini, akanitazama mimi. Nilikuwa na ndoo mkononi. Nikamwonyesha kwa ishara: nimwagie? Bibi Kaniki akainua nyusi juu, na ulimi ukalia kidogo, nts. Kwetu mtu akiinua nyusi amekubali, na akisonya pamoja na kukubali maana yake unamchelewesha. Nikamwaga ndoo nzima upesi. Akainua nyusi tena, juu zaidi. Nikakimbia kuleta ya pili.

Tuliendelea hivyo majuma mengi, wajukuu zangu. Kila asubuhi naonyesha ndoo, kila asubuhi anainua nyusi, na mimi namwaga, nikijisifu moyoni kwamba nimempata bibi anayejua kazi. Samadi nayo nilimwonyesha, akainua nyusi mpaka zikaingia kwenye kitambaa, nikaongeza matoroli. Mwanawe alikuwa kwenye kiwanda cha mkonge kutwa nzima, hakuna wa kututafsiria. Kumbe kwao nyusi zikipanda ni hapana, na ule mlio wa ulimi ni hapana kabisa.

Na kuhusu majani, asubuhi moja nilimkuta kwenye mizabibu anachuma majani machanga na kuyaweka kwenye aproni. Nikamwambia mpishi, huyu mama ana njaa na anaona haya kusema. Tukamletea kisamvu, fungu kubwa, tukakiweka mlangoni kwake kwa adabu. Mchana akatuita jikoni. Alikuwa ameyafungia wali na nyama ndani ya yale majani ya mzabibu, vifurushi vidogo kama mafungu ya ugoro, akatulisha kwa mkono wake. Ni vitamu, siwafichi. Kisamvu nacho alikipika siku ya pili, kwa ndimu na mafuta ya zeituni, na sisi tukala kwa kumheshimu tu.

Sasa nifike kwenye shoka.

Ilikuwa asubuhi, tumetoka kupiga mswaki. Nikamwona Bibi Kaniki anatoka upande wa kuni na shoka begani, anakwenda moja kwa moja kwenye mtini. Alisimama mbele ya ule mti akaanza kuusema. Lugha sikuijua, lakini kusemwa ni kusemwa, hakuhitaji mkalimani. Akaunyooshea kidole, akahesabu makosa yake kwenye vidole vya mkono wa pili, akageuka kutazama nyumba, akarudi kwenye mti. Kisha akainua shoka akalipiga ubapa kwenye shina, ko! Akausogelea tena, akalinyanyua juu zaidi, makali mbele.

Mimi niliona Mwanahamisi anaolewa na fundi cherehani. Niliona mpaka kitambaa cha shela. Nikaitupa ndoo, nikakimbia, nikaukumbatia ule mtini kwa mikono miwili na utomvu wake wote, ambao kwa taarifa yenu ukikupata mwilini na jua likawaka unakubabua vibaya.

"Bibi, usiukate," nililia, na nilikuwa nalia kweli. "Usiukate, nakuomba. Hii ndiyo mahari yangu. Usamehe mwaka huu. Mwakani utazaa, mimi nauwekea dhamana."

Bibi Kaniki akasimama na shoka juu. Akasema neno la ukali kwa mti, kupitia juu ya kichwa changu. Nikaomba tena, kwa Kiswahili na kwa Kizigua, nikamtaja mama yangu na mama yake. Ndipo akalishusha shoka, akavuta pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikaona meno yake. Akanipigapiga shavuni. Akaingia ndani akanitolea biskuti ya ufuta, mimi bado nimekumbatia mti.

Bwana Yani akafika anahema, kofia mkononi, amekimbia kutoka kiwandani. Alipoona mambo yamekwisha akakaa chini kwenye udongo, akacheka mpaka mpishi akamletea maji. Kisha akanieleza. Kwao mti usiozaa hutishwa. Mmoja anakuja na shoka kuukata, na mwenzake anauombea msamaha, anaahidi kwa niaba yake kwamba mwakani utazaa. Ni desturi ya zamani, watu wanakubaliana kabla. Wa kuombea alipaswa kuwa yeye, na alikuwa amechelewa.

"Lakini mama anasema hajawahi kuona mtu anaombea vizuri hivi," aliniambia. "Hata kwetu hawalii."

Nikamuuliza bibi alikuwa anausema nini ule mti. Bwana Yani akaacha kucheka. Alikuwa amepita miaka arobaini na hajaoa. Akasema mama yake aliuambia mti hivi: unakula, unakunywa, umejengewa nyumba nzuri kilimani, na mjukuu hujaniletea. Nusu ya yale maneno, akasema, hayakuwa ya mti.

Siku hiyo hiyo nikaambiwa habari ya nyusi, nikaona haya mpaka miguuni. Kesho yake Bibi Kaniki akashika jembe. Akachimba mtaro kuuzunguka mtini, hatua moja kutoka kwenye shina, akikata mizizi yote aliyoikuta. Mtaro akaujaza mawe na vigae vya matofali ya nyumba mpya. Samadi ikakoma, na maji ukapewa kwa zamu, mara chache. Hilo ndilo somo la pili, nalo ni kubwa kuliko yote: mtini ubane. Uupande pembeni ya ukuta, shimo lake ulitie mawe, uone shida kidogo. Mkiniuliza kilichouokoa mti ni mtaro au shoka, jibu langu ni kwamba mimi nimefuata vyote viwili maisha yangu yote, na sina mpango wa kupunguza.

Msimu uliofuata vikatokea vifungo vya kijani kwenye kwapa za majani. Nilikuwa navitazama kila saa kama mtu aliyetegesha mtego. Ndege nao walikuwa wanavitazama, na tumbili. Bibi Kaniki akachana sketi yake moja kuukuu, akashona vifuko, kila tini ikavalishwa kifuko cheusi. Wapagazi wakipita wakawa wanaupa mti pole, wanasema umekaa eda.

Tini ya kwanza ilipoiva nilishikwa na haraka ya safari. Nikaifunga kwenye leso, nikapanda lori la mahindi kwenda Handeni. Msifanye hivyo. Tini iliyoiva ni laini kuliko yai. Nilipofungua leso njiani nikakuta doa na siafu wawili. Niliteremka nikarudi Korogwe bila kufika Chanika, kwa kuwa sikutaka kumpelekea Mwalimu leso chafu ashike kwa mkono wake ule.

Bibi Kaniki alivyoniona narudi akasema, "Pole," kisha, "Bado." Akanionyesha kazi nyingine. Tawi la chini la mtini tukaliinamisha, tukalipitisha ubavuni mwa debe tulilolikata, tukafukia kiuno chake kwa udongo ndani ya debe, likiwa bado limeshikana na mama yake. Tukawa tunaunyunyizia ule udongo. Tawi likaota mizizi yake ndani ya debe, na ndipo tukalikata. Lilikuwa mti mdogo kamili, na kileleni lilikuwa na tini mbili ndani ya vifuko vyeusi. Nilisubiri mpaka shingo za tini zikalegea na chini pakatoka tone kama la asali, hapo ndipo huwa tayari. Nikapanda lori tena, debe nimelipakata. Abiria wakaniuliza mtoto anaitwa nani.

Mwalimu Mndolwa nilimkuta anasomesha, amevaa kanzu mpya. Niliitambua mishono. Nikaweka debe mbele ya mkeka, nikaamkia, nikavua vile vifuko. Watoto wakanyamaza wenyewe, bila fimbo. Mwalimu akachuma tini moja, akaishika kwa mkono wake kama alivyosema, akaigeuza, akaipasua kwa vidole. Akaitazama ndani muda mrefu.

"Hili ni kuyu," alisema.

Na kweli, mtini na mkuyu ni ndugu wa karibu. Mkuyu ulikuwepo bondeni nyuma ya nyumba yake, na makuyu yake watoto wa chuo walikuwa wanarushiana vichwani. Moyo wangu ukaingia kwenye debe. Mwalimu akapiga bismillahi, akala nusu. Akatafuna polepole. Akala nusu ya pili.

"Si kuyu," alisema tena, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Kisha akanitazama kwa hasira. "Nilikwambia ulete tini kwa sababu nilijua huwezi kuipata. Sasa nimeahidi, na hawa wote wamesikia. Mwanahamisi, njoo."

Alikuwa nyuma ya mlango, kama mnavyofikiri. Akatoka, hakumtazama mtu, akainama kwenye debe akachuma tini ya pili, akaiweka yote kinywani. Baba yake akamuuliza mbele ya watu wote kama ameridhia kuolewa na mimi. Hakuweza kujibu, mashavu yamejaa. Akanitazama, akainua nyusi.

Wajukuu zangu, mimi nilikuwa nimetoka kwa Bibi Kaniki. Nilikuwa nimefundishwa kwa aibu na kwa matoroli ya samadi kwamba nyusi zikipanda ni hapana. Machozi yakanijaa. Nikainama nikachukua debe langu, nikaaga, na nilikuwa nimeshafika kwenye mlango wa ua ndipo Mwanahamisi alipomeza na kuniita.

"Wewe, unakwenda wapi na mti wetu?"

Mti wenyewe ni huu mnaouona hapa, penye ukuta. Mwalimu aliupanda kwa mkono wake, na tangu siku ile mtoto akimuuliza tini ikoje, alimpeleka akaione. Bwana Yani alipouza shamba na kwenda kwao, mimi nikahamia hapa. Na kila mwaka, kabla ya mvua za vuli, Mwanahamisi alikuwa anachukua panga nyuma ya mlango, anakuja kuusema mtini. Alijua kusema bibi yenu. Alianza na mti, akamaliza na mimi, na majirani walikuja na vigoda vyao. Mimi nilikuwa naombea. Nusu ya maneno yale hayakuwa ya mti, na nusu ya msamaha nilikuwa najiombea mwenyewe.

Tangu atangulie mbele ya haki, mtini haujazaa. Mtaro nimechimba, mizizi nimekata, mawe yapo. Mwaka jana nilijaribu kazi zote mbili mwenyewe. Nikashika panga nikaugombeza, nikaliweka chini, nikazunguka upande wa pili nikaomba. Jirani akamtuma mkewe aje kuniuliza kama nimekunywa dawa zangu. Nilimkumbuka sana Mwanahamisi siku ile, kuliko siku ya mazishi.

Kwa hiyo vipandikizi nitawapa, vinene kama kidole gumba, vyenye vifundo vinne au zaidi, mvipande kwa kuinamisha. Mje Jumamosi, asubuhi kabla ya jua kali. Mmoja wenu mwenye ulimi mkali, na Zuhura nakutazama wewe, atashika panga. Liko nyuma ya mlango, palepale alipoliacha. Kuombea niachieni mimi.